Kufuli la benki yako: namna ya kulisoma, na nani anamiliki hesabu zilizomo ndani

Ukifungua tovuti ya benki, kabla hujaandika hata herufi moja ya nywila, kompyuta yako na seva ya benki huwa zimeshamaliza kupatana: itifaki ipi itumike, yaani kanuni za mazungumzo, saifa ipi, yaani njia ya kuficha maandishi, na ufunguo upatikane vipi. Mapatano hayo yana majina, na majina hayo unaweza kuyaona kwa macho yako bila kuwa fundi. Mwongozo huu unakuonyesha pa kubonyeza na namna ya kuelewa unachokiona. Njiani nitaeleza pia kwa nini hesabu zinazolinda mshahara wako hazidaiwi leseni na mtu yeyote, maana haikuwa hivyo siku zote. Kwa kijana anayeijengea SACCOS yake mfumo wa kulipia kwa mtandao, hilo ni suala la fedha taslimu.

Tafuta kompyuta yenye Chrome au Firefox. Simu inatosha kwa hatua ya kwanza, ya sita na ya saba.

Hatua ya 1: Soma anwani kutoka kulia

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii. Tazama anwani mbili nilizozitunga:

https://ibank.benkiyako.co.tz/ingia
https://benkiyako.co.tz.ingia-salama.com/ibank

Ruka zile alama za https:// mwanzoni, kisha tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata. Kilicho kulia kwa mkwaju huo kiache. Sasa soma ukirudi kushoto. Katika anwani ya kwanza unakutana na tz, halafu co, halafu benkiyako. Mwenye kikoa, yaani jina la tovuti lililosajiliwa, ni benkiyako.co.tz, na hilo neno ibank ni tawi alilolifungua mwenyewe. Katika ya pili unakutana na com, halafu ingia-salama. Mwenye mali ni ingia-salama.com. Maneno benkiyako.co.tz yaliyokaa mbele ameyabandika tu, na angetaka angebandika hata ikulu. Ujumbe wa tapeli huja kwenye simu yenye skrini nyembamba, jicho linashika mwanzo wa anwani, kidole kinabonyeza.

Kuna mchezo mwingine wa herufi zinazofanana. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili kikoa kilichoandikwa kwa herufi za Kisirili ambacho kwenye baadhi ya vivinjari kilionekana apple.com, nukta kwa nukta. Vivinjari vilirekebishwa, lakini r na n zikikaa pamoja bado zinafanana na m, na namba 1 bado inafanana na l. Dawa ni kuandika anwani mwenyewe kutoka kwenye kadi au kipeperushi ulichopewa tawini, kuihifadhi kwenye vialamisho (bookmarks) vya kivinjari, na kuingia kwa njia hiyo siku zote. Anwani ya kuingilia benki isitoke kwenye SMS wala kwenye matokeo ya utafutaji, ambako tangazo la kulipia linaweza kukaa juu ya benki yenyewe.

Zingatia kwamba anwani zote mbili hapo juu zinaweza kuwa na alama ya kufuli. Tangu mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt linatoa bure vyeti, yaani vitambulisho vya kidijitali vya tovuti, kwa yeyote anayethibitisha kwamba kikoa ni chake, na tapeli aliyesajili ingia-salama.com anathibitisha bila shida, maana ni chake kweli. Google ilipofanya utafiti mwaka 2021 ikakuta asilimia 11 tu ya washiriki ndio walioelewa sawasawa maana ya alama ya kufuli. Septemba 2023, katika toleo la 117, Chrome ikaiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani na kuweka nyingine ya vitufe vya mipangilio. Kufuli linakuambia kwamba njia kati yako na seva imefungwa. Haliahidi kwamba aliye upande wa pili ni mwema. Bahasha yenye lakiri inaweza kufika salama salimini mikononi mwa mwizi.

Hatua ya 2: Fungua taarifa za muunganisho

Umeridhika na anwani? Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza F12. Juu ya dirisha litakalofunguka kuna vichupo. Tafuta kilichoandikwa Security, au Privacy and security kwenye matoleo mapya. Kisipoonekana, bonyeza alama ya mishale miwili mwishoni mwa vichupo. Onyesha ukurasa upya, kisha soma sehemu ya muunganisho. Kwenye tovuti iliyotengenezwa vizuri utaona majina matatu yamefuatana:

TLS 1.3, X25519MLKEM768, AES_128_GCM

Kwenye Firefox bonyeza kufuli, kisha mstari unaosema muunganisho ni salama, kisha More information. Huko utakuta kitu kama TLS_AES_128_GCM_SHA256, 128 bit keys, TLS 1.3. Ni habari ileile kwa mpangilio mwingine, ila Firefox hapo haitaji namna ufunguo ulivyopatikana.

Nakili ulichokiona kwenye karatasi. Usiandike chochote kwenye fomu ya kuingilia. Kwa kazi hii huhitaji kuingia kwenye akaunti.

Hatua ya 3: Soma mstari huo, jina kwa jina

Anza na TLS, ambayo ndiyo itifaki. Toleo la 1.3 lilichapishwa Agosti 2018, la 1.2 ni la 2008. Yote mawili yanakubalika, ila la 1.3 limetupa mizigo mingi ya zamani, na kwalo fundi wa benki ana nafasi ndogo ya kukosea mpangilio. Matoleo ya 1.0 na 1.1 yalifutwa rasmi Machi 2021. Ukiyakuta kwenye benki, piga simu huduma kwa wateja na uulize wanasubiri nini.

AES_128 ndiyo saifa yenyewe, inayogeuza salio lako kuwa takataka zisizosomeka, kwa ufunguo wa biti 128. Iliyotangulia ilikuwa DES ya mwaka 1977, yenye ufunguo wa biti 56 tu. Mwaka 1998 shirika la EFF la Marekani lilijenga mashine kwa chini ya dola 250,000 ikaupata ufunguo wa DES ndani ya saa 56. Wakati huo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuwa tayari imetangaza shindano la kutafuta mrithi. Saifa 15 zikaingia, 5 zikafika fainali, na Oktoba 2000 ikatangazwa kwamba imeshinda Rijndael ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Novemba 2001 ikawa kiwango rasmi, FIPS 197.

Kanuni za shindano zilikuwa na sharti moja ambalo halizungumzwi sana: mshindi alipaswa kuiacha saifa yake itumike duniani kote bila mrabaha. Daemen na Rijmen hawapati shilingi kila ukiangalia salio. Kwa maoni yangu sharti hilo limeilinda benki ya Kigoma kuliko urefu wa ufunguo wenyewe, kwa sababu saifa ya bure inawekwa kila mahali, kwenye kadi, kwenye simu ya bei chee, ndani ya chipu za kompyuta, na kila mtu mwenye kichwa kizuri anajaribu kuivunja hadharani. Wamejaribu kwa zaidi ya miaka 20, na AES iliyotekelezwa vizuri bado imesimama.

GCM ni namna ya kuiendesha AES ili data isisomwe na pia isichezewe njiani. Hapa ndipo hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia mbinu yake, ilipoamua mshindi. Kulikuwa na mtindo mwingine, OCB wa Phillip Rogaway, mwepesi na mzuri sana. Ulikuwa na hataza. Rogaway alitoa leseni za bure kwa matumizi mengi, hasa programu huria, lakini wanasheria wa makampuni wakiona neno hataza hutafuta njia ya kuzunguka. GCM ya David McGrew na John Viega haikuwa na mgogoro huo, NIST ikaiweka kwenye viwango mwaka 2007, na leo ndiyo unayoiona kwenye mstari wako. Rogaway aliziachilia hataza zake mwaka 2021, wakati dunia ilishahama zamani.

Sasa X25519, namna pande mbili ambazo hazijawahi kukutana zinavyopata ufunguo mmoja wa siri huku zikisikilizwa. Wazo hilo lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, likawekewa hataza iliyoisha 1997. Baada yao wakaja Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT cha Marekani na mbinu yao ya RSA. Hataza ya RSA ilitolewa Marekani Septemba 1983, na kwa miaka 17 kampuni yoyote ya huko iliyotaka kuuza kivinjari au seva yenye usimbaji (ufichaji wa data) wa RSA ilibidi ikaombe leseni. Nje ya Marekani hataza hiyo haikuwepo. Wavumbuzi walikuwa wameshautangaza uvumbuzi wao mwaka 1977 kabla ya kupeleka maombi, na nchi nyingi hazitoi hataza kwa kitu kilichokwisha kuwekwa hadharani. Marekani ilikuwa inaruhusu mwaka mmoja wa kujivuta. Ndiyo maana SSLeay, mzazi wa OpenSSL, maktaba ya msimbo tayari wa usimbaji inayotumiwa na seva nyingi leo, iliandikwa Australia, ambako hataza hiyo haikufika, wala sheria ya Marekani ya kubana usimbaji unaopelekwa nje. Septemba 6, 2000, wiki mbili kabla ya hataza kuisha, wenye RSA wakaiachilia.

Mikunjo ya duaradufu, hisabati iliyo nyuma ya X25519, ilipendekezwa na Neal Koblitz na Victor Miller mwaka 1985, kila mmoja kivyake. Wazo lenyewe halikufungwa, lakini mbinu nyingi za kulifanya liende haraka ziliwekewa hataza na kampuni ya Certicom ya Kanada. Mwaka 2003 shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liliilipa Certicom dola milioni 25 kwa leseni ya hataza 26. Kama NSA yenyewe ililipa, fikiria mwenye kampuni ndogo alivyoogopa! Hofu hiyo ilichelewesha mikunjo kwa miaka. Daniel Bernstein alipoutoa mkunjo wake, Curve25519, akauweka huru kabisa, na X25519 ndiyo inayotokana nao.

Kipande cha mwisho, MLKEM768, ni kigeni kuliko vyote. Kompyuta za kwanta zikifika nguvu inayohitajika zitaivunja RSA na mikunjo pia, na mtu anaweza kurekodi mawasiliano yako leo akayafungua siku hiyo. ML-KEM imejengwa juu ya hesabu nyingine, na NIST iliichapisha kama FIPS 203 tarehe 13 Agosti 2024. Hataza ikaibuka tena: watafiti wa Ufaransa chini ya CNRS, taasisi ya utafiti ya taifa hilo, walikuwa na hataza inayogusa eneo hilo, na mtafiti Jintai Ding alikuwa na yake. Mwaka 2022 NIST ikafunga nao mikataba ya leseni ili watumiaji wa kiwango wasisumbuliwe. Leseni hizo zinamfunika anayekitekeleza kiwango kama kilivyochapishwa. Ukianza kubadilisha vigezo kwa ubunifu wako, umetoka nje ya mwavuli.

Mstari wako ukionyesha X25519 peke yake bila MLKEM, usiwe na wasiwasi. Benki nyingi hazijafika huko. Ukionyesha RSA tu mahali pa kubadilishana ufunguo, hapo kuna kasoro ya kweli: siku ufunguo wa seva ukivuja, mazungumzo yote ya zamani yaliyorekodiwa yanafunguka. Ukikuta saifa za zamani RC4 au 3DES, hizo ni za makumbusho. RC4, kwa taarifa yako, haikuwahi kuwa na hataza. Rivest aliitengeneza 1987 ikalindwa kama siri ya biashara, hadi mtu asiyejulikana alipoianika kwenye mtandao mwaka 1994. Siri ikishatoka haina mahakama ya kuirudisha.

Hatua ya 4: Angalia cheti

Bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani, kisha mstari wa muunganisho salama, kisha cheti. Tazama jina la kikoa, aliyetoa cheti na tarehe ya mwisho. Tazama pia kama kuna jina la taasisi lililosajiliwa. Likiwepo, na ni la benki yako, ni dalili nzuri, maana mtoaji alikagua nyaraka za kampuni. Lisipokuwepo usihukumu, benki halali nazo hutumia vyeti vinavyothibitisha kikoa tu. Cheti kipya cha majuzi nacho si kosa tena: muda wa juu wa cheti unazidi kupunguzwa, kutoka siku 398 hadi 200 kuanzia Machi 2026, na utafika siku 47 mwaka 2029.

Onyo jekundu la cheti likijitokeza, kwanza angalia tarehe ya kifaa chako. Simu iliyozima chaji muda mrefu ikajirudisha miaka kadhaa nyuma itakataa kila cheti duniani. Tarehe ikiwa sawa na onyo bado lipo, toka. Usibonyeze kitufe cha kuendelea hata kama umesimama kwenye foleni ya kulipa ada ya mtoto. Badili Wi-Fi ya hotelini uweke data yako mwenyewe, ujaribu tena. Wenye Android ya chini ya 7.1.1 wana tatizo jingine: simu hizo haziutambui mzizi mpya wa Let's Encrypt, na tovuti nyingi halali zitawagomea. Simu hiyo iachie kupiga na kupokea.

Mtoaji wa vyeti naye anaweza kuibiwa. Mwaka 2011 DigiNotar ya Uholanzi ilivamiwa, kikatolewa cheti bandia cha Google kilichotumika kuwachungulia watu wa Iran, na kampuni ikafilisika Septemba mwaka huohuo. Kutokana na mambo kama hayo, leo vyeti huandikwa kwenye daftari la wazi, na Chrome inakikataa kilichotolewa baada ya Aprili 2018 kisichokuwemo. Kama wewe ni mtu wa TEHAMA wa benki, tovuti ya crt.sh inakuruhusu kulipekua daftari hilo. Tafuta jina la benki yako kila wiki na utawaona wanaolikaribia jina hilo, mara nyingine kabla hawajatuma SMS ya kwanza.

Hatua ya 5: Ipime benki nzima

Ulichoona ni mapatano kati ya kivinjari chako kipya na seva. Seva hiyohiyo inaweza kuwa inakubali mambo ya ajabu ikiongea na vivinjari vya zamani. Nenda ssllabs.com/ssltest, andika kikoa cha ukurasa wa kuingilia, weka tiki kwenye kisanduku cha kutotangaza matokeo, usubiri dakika chache. Utapata daraja. A na A+ ni salama. B mara nyingi maana yake bado wameacha TLS 1.0 au 1.1 wazi. F ni ya kuandikia barua. Kipimo hiki hakivunji kitu, kinabisha hodi tu mara nyingi kwa njia tofauti. Usivuke hapo: kuchokonoa mifumo ya benki bila ruhusa, hata kwa nia njema, kunagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania, na sheria hiyo haina utani.

Programu ya benki kwenye simu haina kufuli la kuonyesha. Unachoweza ni kuipakua kutoka Google Play au App Store tu, kusoma jina la mtengenezaji, na kuangalia inaomba ruhusa gani. Programu inayojiita ya benki au ya mkopo ikiomba ruhusa ya ufikivu, ile ya kusoma skrini yote na kubonyeza kwa niaba yako, iondoe.

Ukiwa wewe ndiye mjenzi

Aya hizi ni kwa vijana wa mifumo na kwa wajumbe wa bodi wanaosaini malipo yao. Wengine rukeni.

Usitunge saifa. Usinunue saifa ya siri pia. Muuzaji akija na kompyuta yake mpakato na maneno ya "usimbaji wa kijeshi", mwombe majina: saifa gani, kwa kiwango namba ngapi, maktaba ipi na toleo lipi, na funguo zinakaa wapi. Anayejua kazi yake atajibu kwa sentensi mbili, AES-GCM, FIPS 197, OpenSSL toleo fulani, funguo ndani ya kifaa maalumu chenye cheti cha FIPS 140-3. Anayesema hawezi kutaja kwa sababu za kiusalama, msindikize mlangoni kwa heshima. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo lazima ubaki salama hata adui akiujua wote, mradi tu ufunguo umebaki siri, na hakuna aliyekanusha hadi leo.

Kwenye leseni tenganisha vitu viwili vinavyochanganywa sana. Hataza inahusu mbinu, hakimiliki inahusu msimbo ulioandikwa. AES haina mrabaha, lakini maktaba inayoitekeleza ina leseni yake. OpenSSL tangu toleo la 3.0 la Septemba 2021 iko chini ya Apache 2.0, ambayo ndani yake wachangiaji wanakupa na leseni ya hataza zao. Ukiwashtaki kwa hataza kuhusu programu hiyo, unaipoteza. libsodium iko chini ya ISC, leseni fupi isiyo na masharti mazito. wolfSSL ni nzuri kwa vifaa vidogo kama mashine za malipo, lakini ni GPL, leseni inayodai msimbo wa bidhaa unayoisambaza nao uwe wazi, au ulipie; ukiifungia ndani ya bidhaa yako ya siri bila kulipa, umejitengenezea deni.

Hataza pia ina mipaka ya nchi. Iliyosajiliwa Marekani haina nguvu Arusha. Kwa ukanda wetu inayofaa kuulizwa ni ofisi ya nchi husika au ARIPO ya Harare, shirika la kanda la mali bunifu. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 inasema wazi kwamba mbinu za kihisabati si uvumbuzi wa kupewa hataza. Hilo lisikulevye. Ukiuza programu yako kwa wateja wa Marekani, sheria ya kule ndiyo itakayokupima.

Nywila za wanachama usizisimbe. Zipitishe kwenye Argon2, iliyoshinda shindano la kuhifadhi nywila mwaka 2015 na ambayo ni bure, ili hata wewe mwenyewe usiweze kuzisoma. Mfumo unaomtumia mwanachama nywila yake ya zamani kwa barua pepe anaposahau umeshajitangaza kwamba unazihifadhi kwa namna inayoweza kusomwa.

Hatua ya 6: Linda laini, maana wezi hawavunji AES

Hesabu zote hizi zikishafanya kazi yake, benki inatuma tarakimu sita kwa SMS, na SMS haipiti ndani ya kufuli. Mwaka 2017 wezi waliingia kwenye mfumo wa SS7, ambao mitandao ya simu huutumia kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, wakazielekeza kwao SMS za wateja wa O2 nchini Ujerumani na kumaliza akaunti zao. Huku kwetu njia fupi ni kuhamisha laini: mtu anampotosha au kumhonga wakala, laini yako inazima mchana kweupe, yeye anapokea tarakimu. Menyu za *150*00# na ndugu zake nazo hazina TLS. Zinategemea ulinzi wa mtandao wa simu wenyewe.

Fanya haya leo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na usiyoitambua nenda dukani ikafutwe. Weka PIN kwenye laini yenyewe, tofauti na ya pesa. Benki ikikupa chaguo la kuthibitisha ndani ya programu yake badala ya SMS, lichukue. Fungua arifa za kila muamala, hata za 1,000. Na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiujibu hata kwa matusi. Utume 15040 bure, ukitaja namba iliyouleta. Aliye Kenya kwenye Safaricom autume 333.

Laini ikipoteza mtandao ghafla huku jirani ana mtandao wa kampuni ileile, usisubiri irudi. Azima simu.

Hatua ya 7: Ukishaandika nywila kwenye tovuti bandia

Fuata mpangilio huu. Kwanza piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, isiwe ile iliyokuja na ujumbe, uombe akaunti ifungwe kwa muda na kadi isimamishwe. Pili, ukitumia kifaa kingine, badili nywila ya benki, kisha ya barua pepe, kwa sababu barua pepe ndiyo hutumika kurejesha nyingine zote. Tatu, piga kampuni ya simu uhakikishe hakuna aliyeomba kubadilisha laini yako. Nne, piga picha ya ujumbe na ya ukurasa ule, anwani yote ionekane, usifute kitu. Tano, kituo cha polisi ukachukue RB, kwa sababu benki itaidai. Kwa kila simu andika saa uliyopiga na jina la aliyekuhudumia, na omba namba ya malalamiko kabla hujakata. Kisha peleka malalamiko yaleyale kwa maandishi tawini, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala utakayobaki nayo.